Kopo Si Mizani: Tujue Kilo Zilizomo Ndani ya Ujazo

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa Shangani, Mtwara, mbele ya wajumbe wa vikundi vya kuweka na kukopa, wakulima wa korosho, akina mama wauza nafaka na manahodha wa vyombo vidogo. Tumeyachapa ili na vikundi vya maeneo mengine viyasome na kuyajadili.

  

Tumeombwa tuzungumze juu ya vipimo. Huenda wapo watakaosema hilo ni somo la watoto wa shule, la kukariri na kusahau mtihani ukiisha. Lakini tukitazamana humu ndani, hakuna asiyepima. Yupo mama anayeuza mchele kwa sado. Yupo anayekamua mafuta ya nazi na kuyauza kwa chupa. Yupo nahodha anayepakia magunia kuvuka kwenda Msangamkuu. Yupo mwenye shamba la mikorosho anayesubiri msimu. Wote hawa wana swali moja: chombo hiki kikijaa, ndani yake kuna kilo ngapi?

Anayejua jibu hupanga bei. Asiyejua hupangiwa. Nia yetu leo ni kwamba kila mmoja akitoka hapa aweze kulipata jibu hilo mwenyewe, bila kumtegemea anayemuuzia wala anayemnunulia.

UJAZO NI KITU KIMOJA, UZITO NI KINGINE

Ndugu zetu, kopo, bakuli, sado, debe, ndoo na dumu havipimi uzito. Vinapima nafasi, na nafasi hiyo tunaiita ujazo. Kinachopima uzito ni mizani. Mwalimu wa fizikia atatusahihisha na kusema neno lake hasa ni tungamo, na yuko sahihi. Lakini sokoni tunasema uzito na tunamaanisha kilo, kwa hiyo leo tutafuata lugha ya soko.

Chukueni ndoo moja ya lita 20. Ikijaa maji, maji hayo ni kilo 20. Ikijaa mafuta ya taa, ni kilo 16 hivi. Ikijaa mafuta ya nazi, ni kilo 18 na kidogo. Ikijaa asali, ni kilo 28 hivi. Ikijaa mchanga mkavu, ni kilo 32 hivi, na mama aliyezoea kujitwika ndoo ya maji ataona shingo yake inalalamika. Ndoo ni ile ile na lita ni zile zile. Kilichobadilika ni uzito unaobebwa na kila lita.

Uzito huo wa kila lita una jina lake. Wataalamu wanauita densiti. Densiti ya maji ni kilo 1 kwa lita. Ya mafuta ya taa ni kilo 0.8 hivi kwa lita. Ya mafuta ya nazi ni 0.92. Ya maziwa ni 1.03. Ya asali ni 1.4 hivi. Ya mchanga mkavu ni 1.6 hivi. Ukishaijua namba hiyo, hesabu yake ni fupi:

Uzito = densiti × ujazo.

Lita 20 za asali mara 1.4 ni kilo 28. Basi mfugaji wa nyuki anayeuza dumu lake la lita 20 kwa bei ya kilo 20, kwa kudhani lita ni kilo, ametoa kilo 8 bure. Na anayenunua dumu la mafuta ya nazi kwa bei ya kilo 20 amepata kilo 18.4 tu. Lita ni sawa na kilo kwa maji peke yake. Kwa vitu vingine vyote ni lazima namba ya katikati iingie.

WAZEE WETU WALIJUA TOFAUTI HII

Jambo hili si geni kwa watu wa pwani. Wazee wetu walikuwa na pishi na kibaba, vibaba vinne vikifanya pishi moja. Hivyo vilikuwa vipimo vya ujazo. Kando yake walikuwa na ratili na frasila, vipimo vya uzito, frasila moja ikiwa karibu kilo 16. Walikuwa na aina mbili za vipimo kwa sababu walijua kuwa ni mambo mawili.

Ndugu zetu Waislamu wanalikuta jambo hili kila mwaka mwisho wa Ramadhani. Zakatul fitri hutajwa kwa pishi, na pishi ni ujazo. Siku hizi watu wengi hununua mchele kwa kilo, kwa hiyo masheikh huulizwa: pishi hiyo ni kilo ngapi? Utasikia mmoja akitaja kilo mbili na nusu, na mwingine akitaja karibu tatu. Hukumu ya sheria tunawaachia masheikh wenyewe. Sisi tunasema tu kwamba pishi moja ya mchele na pishi moja ya tende haziwezi kulingana mizani, kwa sababu densiti zake hazilingani.

Vitabu vya dini zetu navyo vimeligusa hilo. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19, kinapoagiza uadilifu hakitaji mizani peke yake. Kinataja pia efa, kilichokuwa kipimo cha ujazo wa vitu vikavu, na hini, kipimo cha ujazo wa vitu vya maji. Nabii Amosi anawakemea wafanyabiashara walioipunguza efa na kuikuza shekeli, maana yake walidanganya kwa ujazo upande mmoja na kwa uzito upande wa pili. Na katika Qurani ipo sura nzima, ya 83, inayoitwa kwa jina la wapunjaji, Al-Mutaffifin. Nayo inataja kupima kwa kipimo na kupima kwa mizani, yote mawili. Kwa hiyo masheikh na wachungaji wetu wanapolisemea jambo hili hawajatoka nje ya kazi yao.

VIPIMO VIOANE KWANZA

Mabibi na mabwana, kanuni tuliyoitoa ni fupi, lakini ina sharti moja ambalo wengi hulivuka: vipimo vioane. Ikiwa densiti ni kilo kwa lita, basi ujazo lazima uwe katika lita. Ukiwa katika kipimo kingine, ugeuze kwanza ndipo uzidishe. Tuandike haya madaftarini:

Mita 1 ya ujazo ni lita 1,000.
Lita 1 ni sentimita za ujazo 1,000.
Mililita 1 ni sawa na sentimita 1 ya ujazo.
Galoni 1 ya Kiingereza ni lita 4.55 hivi.
Galoni 1 ya Marekani ni lita 3.79 hivi.
Kilo 1 ni gramu 1,000, na tani 1 ni kilo 1,000.

Kutokana na hayo lipo jambo la kurahisisha kazi. Gramu kwa sentimita ya ujazo, kilo kwa lita, na tani kwa mita ya ujazo ni namba ile ile. Mchanga wenye kilo 1.6 kwa lita una tani 1.6 kwa mita ya ujazo. Ukikuta kitabuni imeandikwa kilo 1,600 kwa mita ya ujazo, usishtuke. Gawanya kwa 1,000 utapata 1.6 yako ya kilo kwa lita.

Angalieni neno debe. Debe la zamani, lile la bati lililokuja na mafuta ya taa, lilikuwa la galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18.2 hivi. Siku hizi watu wanaita debe hata ndoo ya plastiki ya lita 20. Wengine huijaza ndoo hiyo kwa nundu juu, na nundu tutaona baadaye kuwa inaweza kuongeza lita 2.1. Sasa mtu anasema gunia lake la mahindi ni debe sita. Debe zipi? Tuchukue mahindi makavu yenye kilo 0.72 kwa lita:

Debe sita za bati za kufuta: lita 109.2 mara 0.72 ni kilo 78.6.
Ndoo sita za kufuta: lita 120 mara 0.72 ni kilo 86.4.
Ndoo sita za nundu: lita 132.6 mara 0.72 ni kilo 95.5.

Maneno ni yale yale, debe sita, lakini kati ya la kwanza na la mwisho pana tofauti ya kilo 17 hivi. Familia inakula siku ngapi kwa kilo 17 za mahindi? Kila mama aliyepo hapa anajua.

Wenzetu Wamarekani waliliona tatizo hili katika kipimo chao cha nafaka kiitwacho busheli, ambacho kwa asili ni ujazo wa lita 35 na kidogo. Waliamua kukifunga kwa uzito, kila zao na uzito wake: busheli ya mahindi ratili 56, ya ngano ratili 60, ya shayiri ya farasi ratili 32. Jina la ujazo likabaki, lakini kinachoamua malipo ni mizani.

NDEGE ILIYOISHIWA MAFUTA ANGANI

Asije mtu akadhani kosa la kugeuza vipimo ni la watu wasiosoma. Tarehe 23 Julai 1983 ndege kubwa ya abiria aina ya Boeing 767, mali ya Air Canada, iliondoka Montreal kupitia Ottawa kuelekea Edmonton. Ilikuwa na watu 69. Ikiwa juu sana angani, injini moja ilizimika, kisha ya pili. Mafuta yalikuwa yamekwisha, na safari ilikuwa katikati.

Ilikuwaje? Kanada ilikuwa katika kipindi cha kuhama kutoka ratili kwenda kilo, na ndege hii mpya ilihesabu mafuta yake kwa kilo. Siku hiyo kifaa cha kuonyesha mafuta kilikuwa kibovu, kwa hiyo wakapima kwa kijiti ndani ya matangi. Kijiti kikawapa lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300. Ilibidi wageuze lita kuwa kilo kwa kuzidisha na densiti ya mafuta ya ndege, ambayo ni jamii ya mafuta ya taa na densiti yake ni kilo 0.8 hivi kwa lita. Badala yake wakazidisha kwa 1.77. Namba hiyo haikuwa ya uongo. Ni densiti ya mafuta yale yale, ila ni ya ratili kwa lita, si kilo kwa lita.

Kwa hesabu yao walikuwa na zaidi ya 13,000, wakaamini ni kilo. Kwa kweli zilikuwa kilo 6,200 hivi. Walipaswa kuongeza lita 20,000 na zaidi. Waliongeza zisizofika 5,000. Hesabu ya kuzidisha ilikuwa sawa, mafuta yalikuwa mazuri, na rubani alikuwa hodari. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: namba hii ni ya kipimo gani?

Mungu aliwanusuru. Rubani aliitelemsha ndege bila injini katika uwanja wa zamani wa jeshi mahali paitwapo Gimli, na hakuna aliyefariki. Somo lake kwetu ni hili: usiandike namba bila jina la kipimo chake. Anayeandika daftarini 20 peke yake hajaandika kitu. Aandike lita 20, au kilo 20.

TAFUTA DENSITI YA KITU CHAKO MWENYEWE

Huenda mtu atauliza: densiti ya korosho zangu nitaipata wapi? Utaipata nyumbani kwako, kwa bakuli, mizani na maji safi. Fuateni hatua hizi:

1. Pima bakuli tupu. Tuseme ni gramu 300, yaani kilo 0.3.

2. Lijaze maji mpaka ukingoni, upime tena. Tuseme ni kilo 2.3. Toa 0.3, unabaki na kilo 2 za maji. Kwa kuwa kila kilo ya maji ni lita moja, bakuli lako ni la lita 2. Hivi ndivyo unavyojua ujazo wa chombo chochote, hata kisicho na maandishi.

3. Mwaga maji, likaushe, lijaze korosho na ufute juu kwa ubao ulionyooka. Pima. Tuseme ni kilo 1.4. Toa 0.3, unabaki na kilo 1.1 za korosho.

4. Gawanya uzito kwa ujazo: 1.1 kwa 2 ni 0.55. Korosho zako zina kilo 0.55 kwa kila lita.

Namba hii ni ya mfano wetu. Yako uipime mwenyewe, tena mara tatu, uchukue wastani. Maji na mafuta hujaza kila pembe ya chombo, lakini korosho zimepinda, huacha mapengo, na mapengo hujaa hewa. Tunachopima ni korosho pamoja na hewa iliyo katikati yake. Korosho kubwa na ndogo, kavu na zenye unyevu, hazitoi namba moja. Hata bakuli likitikiswa korosho hushuka na nafasi ya kuongeza nyingine hupatikana. Basi mfanyabiashara anayelitikisa bakuli anaponunua, kisha akamimina polepole bila kulitikisa anapouza, anacheza na densiti, hata kama neno hilo hajawahi kulisikia.

NUNDU NA KANGOMBA

Sasa tuzungumze juu ya nundu, kile kilima kinachokaa juu ya ukingo wa chombo. Wengi huiona kuwa ni fadhila ndogo tu. Tuipime. Nundu ina umbo la pia. Ujazo wake ni theluthi moja ya 3.14 mara nusu ya upana wa mdomo mara nusu ya upana tena, mara kimo chake.

Ndoo ya lita 20 yenye mdomo wa upana wa sentimita 30, nundu yake ikisimama sentimita 9, inaongezewa sentimita za ujazo 2,120 hivi. Gawanya kwa 1,000: lita 2.1. Ni kama sehemu moja ya kumi ya ndoo.

Bakuli letu la lita 2 lenye mdomo wa upana wa sentimita 20, nundu yake ikisimama sentimita 6, linaongezewa sentimita za ujazo 628, yaani lita 0.63. Hiyo ni karibu theluthi nzima ya bakuli! Mteremko wa nundu zote mbili ni mmoja, lakini bakuli pana lisilo na kina linakula zaidi. Ndiyo maana mpimaji mwenye hila hapendi chombo chembamba kirefu.

Wakulima wa korosho, hapa ndipo pesa yenu inapopotelea. Kangomba mnaijua. Ni ile biashara ya kununua korosho ghafi nje ya mfumo rasmi, mara nyingi mapema mkulima akiwa na shida ya ada ya shule au ya matibabu, na mara nyingi kwa bakuli au kopo ambalo mizani haijaliona. Mnunuzi anasema: bakuli hili ni kilo moja. Tulifanyie hesabu bakuli letu. Lita 2 na 0.63 ni lita 2.63. Mara 0.55 ni kilo 1.45 hivi. Anakulipa kilo moja, anaondoka na kilo moja na karibu nusu.

Tuseme una korosho za kilo 80 kwa mizani. Kwa bakuli hilo zitatoka bakuli 55, nawe utalipwa kilo 55. Kilo 25 zimeyeyuka. Kama bei ni shilingi 2,000 kwa kilo, umeacha shilingi 50,000 ndani ya nundu, na bado hatujazungumzia kwamba bei yenyewe ya kangomba huwa ya chini.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, unaotokana na sheria ya mwaka 2005 na ulioanza kutumika kwa korosho hapa Mtwara msimu wa 2007/2008, uliweka jambo moja la msingi: korosho ipimwe kwa mizani katika chama cha msingi, mkulima apewe stakabadhi, na mnada uwe kwa kilo. Novemba 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho za wakulima kwa kutumia jeshi, bei iliyotangazwa ilikuwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wahusika wa kangomba walitafutwa katika uhakiki wa mashamba. Mfumo wa ushirika una malalamiko yake, hasa malipo yanapochelewa, na ni haki yenu kuyasema mikutanoni. Lakini malipo yanayochelewa unaweza kuyadai kwa stakabadhi mkononi. Kilo iliyobaki ndani ya nundu huna karatasi ya kuidai.

Na akina mama wauza nafaka, msidhani tunawasema wanunuzi wa korosho peke yao. Anayemuuzia jirani mchele kwa sado iliyogongwa chini ikapanda tumbo ndani, naye amepunguza ujazo. Sheria ya vipimo haibagui mdogo na mkubwa. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, hukagua mizani za biashara na kuziwekea alama. Lumbesa nayo, lile gunia lililoongezewa kichwa, imekatazwa, na gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100.

KILO NDANI YA CHOMBO CHA BAHARI

Hesabu hii ya lita na kilo ina kazi nyingine pwani, na hiyo inagusa uhai. Ndugu manahodha, chombo huelea kwa kusukuma maji yenye uzito sawa na wake pamoja na shehena. Densiti ya maji ya bahari ni kilo 1.025 kwa lita. Tuseme mashua yako, pale maji yanapoikata, ina eneo la mita za mraba 10. Ikizama sentimita moja zaidi, imesukuma mita ya ujazo 0.1, yaani lita 100. Mara 1.025 ni kilo 102.5. Kwa hiyo kila kilo 100 hivi unazoongeza zinaishusha mashua hiyo sentimita moja.

Sasa yaletwe magunia kumi yenye ukubwa mmoja, lita 50 kila moja. Yakiwa ya mkaa, tuseme wa kilo 0.25 kwa lita, yote ni kilo 125, na mashua inashuka sentimita 1 na kidogo. Yakiwa ya mchanga mkavu, ni kilo 800, na inashuka karibu sentimita 8. Anayehesabu magunia bila kuuliza kilichomo anaweza kuondoka ufukweni akiwa na ukingo mdogo mno juu ya maji, na upepo wa kusi haungoji mtu ajihesabu upya.

Wanaosafiri mpaka mdomo wa Ruvuma wakumbuke na hili. Maji ya mto ni mepesi kuliko ya bahari, kilo 1 kwa lita badala ya 1.025. Chombo kile kile na mzigo ule ule huzama zaidi kidogo kikiingia maji baridi. Kilichokuwa kimezama sentimita 60 baharini kitafika 61 na nusu. Ni kidogo, lakini kwa chombo kilichojaa mpaka ukingoni, kidogo hicho ndicho kilichokuwa kimebaki.

TUONDOKE NA NINI?

Ndugu zetu, tunapendekeza kila kikundi kifanye mambo matano kabla ya msimu kuanza.

Kwanza, kikundi kiwe na mizani yake iliyokaguliwa, hata kama ni kwa kuchangishana. Mwenye shida ya haraka apime kwanza kwenye mizani ya kikundi, ndipo azungumze na mnunuzi.

Pili, vyombo vyote mnavyouzia vipimwe kwa maji, na ujazo wake uandikwe kwa rangi ubavuni.

Tatu, kila kikundi kiwe na orodha ya densiti ya mazao yake, ipimwe upya kila msimu na ibandikwe mahali pa mkutano.

Nne, kupima kuwe kwa kufuta. Anayetaka kumwongezea mwenzake amwongezee baada ya kupima, na ijulikane kuwa ni zawadi.

Tano, katika daftari la kikundi hakuna namba itakayoandikwa bila kipimo chake.

Watoto wenu wa sekondari wanaijua hesabu hii. Waiteni siku ya mkutano, waketi na bibi zao, mmoja ashike kalamu na mwingine ashike bakuli. Mtoto atajifunza kuwa somo lake lina kazi, na bibi atajua bakuli lake ni la kilo ngapi.

Uaminifu ni wa moyoni, na kuujenga ni kazi ya wazazi na viongozi wa dini. Lakini muuzaji mwaminifu asiyejua kilo zilizomo katika kopo lake anaweza kumpunja mwenzake bila kukusudia, na mkulima mwaminifu asiyejua anaweza kupunjwa maisha yake yote akidhani ni bahati yake mbaya. Kwa hiyo tupime maji, tupime korosho, tugawanye, tuandike.